Marehemu Aliandika Jumatatu

Védaste Muhire alikufa Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi alikuwa anaandika.

Hivyo ndivyo tableti yake ilivyosema, nayo haikuwa na sababu ya kumtetea mtu. Inspekta Emerance Mukamusoni aliisoma ile tarehe, akafuta miwani, akaisoma tena. Zamani moyo ungemlipuka kwa jambo kama hilo. Siku hizi haukushtuka kwa lolote. Tangu azike dada yake mwanzoni mwa mvua hizi, kila kitu kilimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

"Cassien," aliita. "Kuya uone."

Cassien Izabayo, msaidizi wake, alivuta kiti. Wote wawili walilelewa ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, Emerance Bukavu, Cassien Uvira, na ingawa walikuwa wamerudi Rwanda miaka mingi, wakiwa peke yao ofisini Kamembe walizungumza Kiswahili cha huko.

"Huyu njo yule balizika jana?" Cassien aliuliza.

"Njo yeye."

"Na lundi alikuwa anaandika? Lundi alikuwa mu morgue!"

"Yeye mu morgue, na tableti mu kabati yangu, na ufunguo mu mufuko yangu. Kuko muntu mwingine mwenye kuingiaka mu compte yake."

Cassien alijikuna kichwa. Hakukuwa na haja ya kutafuta mbali. Védaste na rafiki yake Christophe-Aimé Buhendwa walikuwa wakiandika pamoja mchezo wa redio ambao kila Jumamosi uliwanyamazisha watu kutoka soko la Kamembe hadi vilima vya Bukavu. Waliandika kwa akaunti moja, mmoja kwenye tableti, mwingine kwenye simu. Na Jumapili, baada ya misa, walikuwa pamoja kwa Nabintu.

Nabintu alikuwa mama wa Bukavu mwenye baa ndogo karibu na daraja la Rusizi II, upande wa Rwanda. Kila wiki alishuka Bugarama kununua mchele wa kuvusha ng'ambo. Jumapili ile, kwenye meza yake, Védaste alikunywa bia, akashika tumbo, na gari halikumfikisha hospitali akiwa hai. Maabara ilikuta dawa ya kunyunyizia mpunga. Na nani alishinda Bugarama kila wiki, katikati ya mashamba ya mpunga? Tena Védaste alikuwa amemtia mama huyo kwenye mchezo wake, na mwendo wake na kitambaa chake cha kichwa, akamfanya muuza bia anayetia maji. Soko zima lilimcheka. Nabintu alimwendea mbele za watu akamwambia, "Utaona." Neno hilo moja ndilo lililomlaza mahabusu.

Kesho yake, Ijumaa, faili lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Likishakwenda, kulirudisha nyuma ni shughuli nyingine.

Ndani ya tableti mlikuwa na vifaa vitatu vya akili bandia, vile vya kumsaidia mtu kuandika. Védaste alikuwa akivijaribu kwa miezi, akichagua, kama mtu anayeajiri. Alivipa majina kwa tabia. Cha kwanza alikiita Padri, kwa sababu ukikitajia jambo baya kinaanza kukuhubiria. Cha pili alikiita Tantine, yaani Shangazi, kwa sababu hakiandiki mstari kabla ya kuuliza habari za ukoo mzima. Cha tatu alikiita Atalaku, kama wale wapiga kelele wa muziki wa Kongo wanaomsifu kila mtu jukwaani, aimbe asiimbe.

"Angalia kwa Padri," Cassien alisema, kidole juu ya kioo. "Mwezi yenye ilipita. 'Sumu gani muntu anaweza kukunywa bila kusikia?' Alijiua huyu, Maman. Tunapoteza wakati."

"Ile ni episode ya mama mukwe."

"Ya mama mukwe?"

"Yenye alikufa mbele ya ndoa. Bibi yako hakuisikia?"

Cassien alishusha kidole. Mkewe aliisikia, akalia hadi ugali ukaungua. Emerance akafungua mazungumzo ya Jumatatu kwa Atalaku, akaweka pembeni ushahidi wa Christophe-Aimé, ule alioutoa siku hiyo hiyo mchana.

Vilikuwa kitu kimoja. Kwenye tableti: *Mama wa baa alikwenda nyuma ya pazia. Akarudi na glasi iliyojaa, povu likitetemeka ukingoni. Rafiki yangu akaipokea kwa mikono miwili, akacheka, akanywa hadi nusu.* Na Christophe-Aimé, mbele ya Cassien, alisema vivyo hivyo, pazia, povu, mikono miwili, kicheko. Juu ya maandishi hayo kulikuwa na maombi ya mwandikaji. Ongeza huzuni kidogo. Punguza maneno magumu. Fanya kama mtu anayesimulia polisi. Na kila mara Atalaku alijibu kwanza kwa shangwe: *Simulizi lenye nguvu sana! Utawatoa watu machozi!*

"Basi tumupate," Emerance alisema, bila kupandisha sauti.

"Tumupate na nini? Muntu amefiwa na rafiki, maneno inamukimbia, anaomba mashine imupangie. Hata mimi, hotuba ya ndoa ya mudogo wangu niliiombea ku mashine. Kupanga maneno haiko kudanganya."

Ilikuwa kweli. Emerance aliyasoma maneno yale mara ya tatu. Yaliteleza tu kama mara ya kwanza, kama mara ya pili. Hakujikwaa popote. Akachukua kalamu, akashuka mahabusu kwa Nabintu.

Mama huyo alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Alipomwona Emerance alisimama, akashusha kitambaa chake vizuri.

"Maman, batoto bangu banalala kwa jirani, kule Bukavu, Bagira. Yule mudogo iko na asthme. Nitatoka lini?"

"Nielezee ile siku ya mungu, siku ya misa. Tena."

"Nilishaeleza."

"Eleza tena, Maman."

Nabintu alivuta pumzi. "Balikuya wawili, kiisha misa. Mvua ilikuwa inapiga. Bateja bengine hapana. Nilibeba chupa mbili na vere mbili za kukunywea, nikafungula mbele yabo, vizibo vikaanguka ku meza. Nikarudia nyuma, nilikuwa ninakaanga samaki, sambaza. Védaste alitoka kidogo juu ya telefone, karibu na mulango. Akarudia, akakunywa. Njo nikasikia kiti inaanguka."

"Na ile 'utaona'?"

"Nilitaka kumupeleka kwa pasteri wake! Asemwe mbele ya bantu, asikie haya vile nilisikia haya. Njo ile 'utaona'." Macho yake yalikuwa makavu. "Sasa banasema Nabintu ni mulozi. Hata nikitoka, Maman, banasema."

Emerance aliandika. Mkono uliandika wenyewe, chupa mbili, sambaza, simu, kiti. Akashukuru, akaondoka. Huruma alijua ipo mahali fulani, lakini hakuipata.

Nje jua lilikuwa limetoka ghafla, barabara ikifuka mvuke. Alivuka hadi kwenye kibanda cha Emmanuella, mama mnene aliyeuza vinywaji na mandazi mkabala na kituo, akaomba fanta. Emmanuella alitoa chupa kwenye maji baridi, akaifuta kwa aproni, akaileta ikiwa na kizibo chake. Akaisimamisha mbele ya Emerance, akamtazama usoni, kisha ndipo akaifungua. *Pshh*, ikasema. Kizibo kikaruka, kikazunguka mezani, kikalala.

Emerance aliinua chupa. Akaishusha kabla haijagusa mdomo.

Alikuwa ameifuatilia chupa ile kwa macho tangu kwenye beseni hadi mezani. Hakukusudia. Hakuna anayekusudia. Pande hizi mtoto hufundishwa hivyo kabla hajafundishwa sala. Kinywaji hufunguliwa mbele ya anayekinywa, na kikiwa cha kibuyu mwenyeji hukionja kwanza. Watu wanaogopa sumu huku kuliko wanavyoogopa radi. Hata harusini, hata kwa mama mkwe, hata kwa padri, hakuna anayepokea glasi iliyojazwa nyuma ya pazia. Na huyo Védaste aliipokea kwa mikono miwili, akacheka?

Alikuwa amesoma uongo huo mara tatu ukapita kooni kama uji. Yeye, mtoto wa Bukavu. Cassien naye, mtoto wa Uvira, aliuandika kwa mkono wake mwenyewe. Maneno yalipangwa vizuri mno, na masikio yao yalikuwa yamechoka. Aliona aibu, na alishangaa kidogo kwamba bado anaweza kuona aibu.

Alirudi ofisini bila kumaliza fanta, akafungua tableti upande ambao hawakuugusa, kwa Tantine. Jumatatu asubuhi. Mwandikaji alikuwa amepita huko kabla ya kwenda kwa Atalaku. Alikuwa amepita hata kwa Padri, ambaye alimpa pole na kumwambia kwamba kama kifo hicho ni cha kweli, aende kwa polisi. Kwa Tantine alieleza hadithi yake yote, baa, pazia, glasi, rafiki. Tantine hakuandika hata sentensi moja. Alijibu:

*Kabla sijaanza: bia hii ilifunguliwa wapi, na nani aliiona ikifunguliwa? Umeniambia zamani kwamba huko kwenu mtu hanywi asichokiona kikifunguliwa. Kwa nini safari hii alikunywa? Na alipoondoka mezani, glasi ilibaki na nani?*

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mwandikaji aliondoka bila kujibu, akaenda kutafuta msaidizi asiyeuliza.

"Mulete Buhendwa," Emerance alimwambia Cassien.

Christophe-Aimé alikuja na shati lililopigwa pasi na kitambaa cheusi cha msiba mkononi. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nene ambayo nusu ya watu wa mkoa waliijua. Emerance alimkaribisha kiti, akatoka, akarudi na glasi ya maji aliyoijaza huko koridoni. Akaiweka mbele yake.

"Pole tena na msiba. Nisaidie, nielezee tena siku ya mungu. Polepole."

Alisimulia, na sauti ikabadilika, ikawa ile ya redio. "Mama wa baa alikwenda nyuma ya pazia. Akarudi na glasi iliyojaa..." Povu likatetemeka. Mikono ikawa miwili. Alipofika kwenye kicheko alisita palepale alipositia Jumatatu, akafuta jicho.

"Alimimina nyuma ya pazia. Ulimuona?"

"Hapana, pazia ilikuwa imefungwa."

"Na Védaste, kuona vere inakuya imejaa, alisema nini?"

Christophe-Aimé alifungua mdomo. Atalaku hakuwa amempa maneno ya hapo. "Alisema... aksanti."

"Aksanti tu."

"Aksanti tu, Maman."

Emerance aliandika hilo. Akauliza habari za misa, za mvua, za simu, za nani alikaa upande gani. Aliuliza yaleyale kwa kuyazungusha. Chumba kilikuwa na joto, dirisha limefungwa. Mwigizaji wa redio alikohoa, akalamba midomo, akakohoa tena.

"Zile mashine za kuandika," Emerance alisema, "weye unazitumikaka?"

"Mimi? Jamais! Zile njo zinaua kazi yetu. Védaste njo alizipenda. Mimi hata kuzigusa hapana."

"Kunywa maji. Koo yako imekauka."

"Aksanti, sina kiu."

"Unakohoa tangu tuanze."

"Iko sawa tu."

"Hii ni bureau ya serikali, Christophe-Aimé. Nani atakufanyia mubaya hapa? Kunywa."

Aliitazama glasi. Aliisukuma kidogo kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa mdudu. "Unisamehe, Maman. Sikuona kwenye imetoka."

Cassien, aliyekuwa anaandika pembeni, aliinua kichwa.

"Ee," Emerance alisema taratibu. "Hukuona. Védaste naye hakuona. Lakini yeye, unasema, alipokea na mikono mbili. Akacheka."

Emerance aligeuza tableti, akaisogeza mezani hadi karibu na shati lile la pasi, ikiwa imefunguka kwa Tantine. Akamsomea tarehe. Akamsomea maswali, moja baada ya jingine, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia tangu asubuhi. La mwisho alilisoma mara mbili.

"Vere ilibakia na nani?"

Mtu akisemeshwa kwa ukali hupata cha kushindana nacho. Emerance hakuwa na ukali wa kumpa. Alingoja tu, mikono juu ya meza, na huenda huko kungoja ndiko kulikomvunja.

"Na mimi," Christophe-Aimé alisema. Sauti ya redio ilikuwa imekwisha, na iliyobaki ilikuwa ya mtoto wa mitaa ya Bagira. "Alipigiwa telefone. Akanambia, nichungie vere yangu. Akaenda ku mulango."

"Angemuachia mwingine?"

"Hapana. Mimi tu."

"Juu ya nini, Christophe-Aimé?"

Alicheka kidogo, bila furaha. "Alikuwa amechagua wa kuandika naye. Alinionyesha ile Tantine yake. Akasema, huyu ananiulizaka. Akasema, weye miaka yote hii unanijibuka tu iko muzuri, iko muzuri sana. Nikamuuliza, na mimi nitafanya nini? Akasema nitasoma sauti ya sentinelle. Yule mulinzi wa kufungula portail." Alifuta mdomo uliokauka. "Majina yetu mbili njo ilikuwa inasomwa ku mwisho. Kila samedi. Mama yangu anangojaka kusikia ile jina."

"Dawa uliipata wapi?"

"Bugarama. Siku tulienda kurekodi ku machine ya muchele. Nilibeba mu kachupa ka sirop."

"Kiisha akuambie."

"Kiisha."

"Na Nabintu?"

Alitazama sakafu. "Alikuwa amemwambia utaona. Nilifikiri, bantu bataamini."

"Mashine unazichukia," Cassien alisema ghafla, "kiisha unaenda kuziomba zikusaidie?"

"Sikujua namna ya kusema," alijibu. "Mimi mwenyewe, peke yangu, sikuweza hata kuianza."

Aliweka sahihi. Cassien akampeleka. Emerance alibaki na glasi ya maji mezani, akaimimina kwenye chungu cha ua dirishani. Alikuwa ameshinda kesi, na ndani yake hamkuwa na ushindi wowote.

Alipoteremka kufungua mahabusu, dada yake Nabintu, Gracia, alikuwa ameshavuka daraja na kapu la mkate na termosi. Emerance aliwaeleza wote wawili wakiwa wamesimama. Alisema jina, alisema sababu, alisema faili la kesho ni la mtu mwingine. Gracia alipiga kelele ya furaha, akamkumbatia dada yake, akalia begani kwake. Nabintu hakulia.

"Yule wa sauti muzuri," alisema tu. "Nilikuwa ninamusikilizaka."

Kisha akaketi kwenye benchi la koridoni, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akafungua termosi. Alipanga vikombe mbele ya macho yao. Akamimina chai ya maziwa, nyepesi, yenye tangawizi nyingi. Akachukua kikombe chake, akaonja kwanza, akameza, akangoja kidogo ili waone. Halafu akamwinulia Cassien kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa, Papa. Ni ya aksanti. Mumeniokoa."

"Aksanti sana, Maman," Cassien alisema, akirudi nyuma nusu hatua. "Nilishakunywa ku nyumba."

Hakuwa amekunywa popote. Emerance alimjua, alikuwa akilalamika njaa tangu asubuhi.

Kikombe kikaja kwake. Alikipokea. Harufu ya tangawizi ilimpanda puani kali na ya kweli, kitu cha kwanza kumfikia kwa karibu tangu mazishi. Hakuna mtu duniani aliyejua kama yeye kwamba mama huyu hakumdhuru mtu. Alikuwa amelithibitisha mwenyewe, swali kwa swali, na sahihi ilikuwa juu kwenye meza yake. Aliuambia mkono upande. Mkono ulifika kifuani, ukasimama hapo.

Nabintu alimtazama. Akautazama mkono. Alikuwa mfanyabiashara wa miaka mingi na aliwasoma wateja upesi. Akajua, kabla ya kufika darajani, kabla ya kufungua mlango wa baa yake, jinsi viti vitakavyokuwa vitupu.

"Acha tu, Maman," alisema kwa upole, akakitwaa kikombe mikononi mwake. "Iko moto sana."

Akakinywa chote yeye mwenyewe, mbele yao, akafunga termosi, akamshika Gracia mkono, wakatoka. Chai ile ilikuwa imekwisha kupoa.